Nimemaliza gemu, anime yake ikanichosha. Tatizo ni mimi?

SWALI: Nilicheza Persona 5 mpaka mwisho na naihesabu miongoni mwa gemu bora nilizowahi kuzigusa. Nikafungua anime yake, yaani katuni yake ya Kijapani, kwa hamu, nikaishia njiani. Lakini Cyberpunk: Edgerunners, ambayo gemu yake sijawahi hata kuiwasha, ilinitoa machozi. Rafiki yangu anasema anime zote zinazotokana na gemu ni matangazo marefu, nisipoteze muda wangu. Ni kweli? Na kabla sijaanza Steins;Gate, NieR:Automata na Fate/stay night, nitangulize gemu au anime?

JIBU: Tatizo si wewe. Rafiki yako naye ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo nampa mapema ili tuingie kwenye mambo yenyewe. Anime nyingi za Japani hulipiwa na kamati: kampuni kadhaa huchanga fedha, kila moja ikiwa na chake inachotaka kuuza. Mwenye muziki anataka wimbo wa kufungulia upendwe, mchapishaji anataka vitabu vyake visomwe, mwenye gemu anataka gemu yake inunuliwe. Kwa hiyo tangazo limo humo tangu siku ya kwanza.

Ila hilo halikwambii lolote kuhusu ubora. Edgerunners iliyokuliza nayo ilikuwa tangazo, tena la gemu iliyokuwa imeaibika. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony waliitoa kwenye duka la PlayStation, ikarudi Juni 2021. Anime ilipotoka Septemba 2022, wachezaji walirudi kwa wingi mpaka CD Projekt Red, watengenezaji wa gemu hiyo, wakatangaza kuwa watu milioni moja wanaingia kila siku. Tangazo likafanya kazi yake. Na bado wewe hukununua gemu. Ulilia tu, ukazima. Kujua nani kalipa hakujatusaidia kueleza machozi hayo.

Mimi huuliza kitu kingine. Kwenye gemu, mkono wako ulikuwa unafanya kazi gani? Na kwenye anime, kazi hiyo kapewa nani? Ukiwa na maswali hayo mawili utaweza kukisia, mara nyingi kabla ya kipindi cha tatu kwisha, kama mfululizo utakufaa au utakuchosha.

Tuanze na kidonda chako. Persona 5 ni gemu ya kalenda. Unaamka, unapanda treni, mwalimu anakushtukizia swali darasani, kengele inalia, na sasa una jioni moja mkononi. Uende kwa daktari Takemi akujaribishie dawa zake? Ukasome? Ukafanye kazi duka la maua? Ubaki mgahawani kwa Sojiro ujifunze kupika? Ukichagua moja, nyingine imekwenda. Saa mia moja baadaye unampenda Takemi si kwa sababu hadithi yake ni nzuri kupita kiasi, bali kwa sababu ulimpa jioni ambazo ungeweza kuwapa wengine. Ulimlipia. Hapo ndipo penzi la gemu ile linapokaa.

Sasa tazama anime ya 2018, ya studio ya CloverWorks. Vipindi 26, kila kimoja kama dakika 24, humo ukitoa wimbo wa kufungulia na wa kufungia. Jumla hazifiki hata saa kumi na moja, pamoja na vipindi maalumu vilivyofuata vya kumalizia hadithi. Watengenezaji walitaka kuingiza kila kitu: kila kasri, kila rafiki, kila mtego. Matokeo yake Takemi anapita mbele yako, anasema maneno yake, anaondoka. Hakuna jioni uliyoipoteza kwa ajili yake. Na mhusika mkuu mwenyewe ni shida nyingine. Kwenye gemu yuko kimya kwa makusudi, kwa kuwa sauti yake ni wewe. Anime ikampa jina, Ren Amamiya, ikampa mdomo, ikasahau kumpa tabia. Amebaki kijana mzuri wa sura ambaye mambo yanamtokea. Uliacha njiani kwa sababu ulikuwa unamtazama mtu akiishi maisha yako, tena kwa haraka na bila kuonyesha kuwa anayafurahia.

Wapo watakaosema muda ndio mchawi, kwamba gemu ndefu haiwezi kuingia kwenye vipindi 26. Nawajibu kwa Persona 4 the Animation ya 2011. Ni gemu ya ukoo uleule, kalenda ileile, mhusika bubu vilevile, na vipindi vyake havizidi vya Persona 5. Mwongozaji wake, Seiji Kishi, alifanya ujanja: akaugeuza ukimya wa mchezaji kuwa kichekesho. Yu Narukami, mhusika mkuu, anasema mambo ya ajabu kwa uso mkavu kabisa, kama mtu aliyebonyeza jibu la kipuuzi kwenye orodha ili aone kitatokea nini. Ulifanya hivyo, nami nilifanya hivyo, kila mchezaji amefanya hivyo. Kipindi kinapokatika katikati, kioo kinaonyesha mchoro wa takwimu zake kama kwenye gemu: ujasiri umepanda, maarifa yamepanda.

Halafu kuna kipande cha likizo ya kiangazi ninachokirudia kila nikitaka kumweleza mtu jambo hili. Nanako, binamu yake mdogo anayeishi naye nyumba moja, anaona kaka yake ana mienendo isiyoeleweka, anaanza kumpeleleza. Anachokuta ni kijana mwenye kibarua hapa, kibarua kule, leo na mtu huyu, kesho na yule, haeleweki anapumzika saa ngapi. Yaani mtoto wa shule ya msingi amekutana ana kwa ana na namna tunavyocheza Persona, na kwa macho ya mtu wa nyumbani tunaonekana vichaa. Studio haikuuficha mkono wako. Iliuweka hadharani, ikaucheka. Ukitaka Persona ya kutazama, achana na ile ya tano utafute hii, ila cheza gemu kwanza, kwa sababu ni hadithi ya kumsaka muuaji na ukishamjua umemjua.

Edgerunners ilifuata njia tofauti kabisa. Haikumgusa V, yule unayemwongoza kwenye gemu. Ilichukua jiji, ikachukua sheria zake, ikamleta David Martinez, mwanafunzi maskini kwenye shule ya matajiri. Na mkono wa mchezaji unafanya nini Night City, jiji hilo? Miongoni mwa mengine, unajipachika vyuma. Unakwenda kwa daktari wa vichochoroni, unalipa, unabadilishiwa mikono, macho, uti wa mgongo, unatoka ukikimbia. Kwa muda mrefu kizuizi kikubwa kilikuwa fedha na kiwango ulichofikia; kikomo halisi cha mwili kuhimili vyuma kilikuja na sasisho la 2.0, Septemba 2023. Wapo watu kwenye gemu wanaopata wazimu kwa sababu ya vyuma hivyo, na unatumwa kuwadhibiti. Lakini V mwenyewe, hata ajazwe vyuma mpaka kope, hapati wazimu huo.

Anime ikarudi kwenye jambo hilohilo tulilopewa bure, ikalitoza bei. David anapachikwa kifaa cha kijeshi cha mwendo kasi mgongoni, na tangu mwanzo unaona damu ikimtoka puani. Anaambiwa asizidishe, anazidisha. Maine, aliye kama kaka mkubwa wa kundi la David, anaanza kupotewa na mambo kabla yeye mwenyewe hajakubali. Studio Trigger, chini ya Hiroyuki Imaishi, wana sifa ya kuchora vitu vikubwa vinavyolipuka, na hapa ukubwa unatisha: kadiri mwili wa David unavyotanuka, ndivyo yeye mwenyewe anavyopungua. Vipindi kumi tu, na hakuna kilichokuwa cha kujazia nafasi. Wewe usiyecheza ulilia kwa ajili ya David. Aliyecheza alilia kwa ajili ya David na pia akakumbuka, kwa aibu kidogo, jinsi alivyokuwa akijipachika vyuma bila kuwaza. Hata ule wimbo wa Rosa Walton ulikuwa ukipita redioni ndani ya gemu tangu 2020, na wengi walikuwa wakiupita kwa gari. Baada ya kuwekwa kwa David na mpenzi wake Lucy, sasa watu wanaegesha.

Kwa hiyo kuna jambo moja ambalo mashabiki hatupendi kulisikia. Gemu yenye hadithi nyembamba mara nyingi ni zawadi kwa mwandishi wa anime, na gemu yenye hadithi nono ni mtego. Castlevania ya Netflix, vipindi 32 kati ya 2017 na 2021, inasimama juu ya gemu ya 1989 ambayo kazi yako kubwa ilikuwa kuchapa mjeledi, kupanda ngazi na kufa. Nafasi yote iliyobaki ni ya waandishi, nao wakaijaza kwa Dracula mwenye msiba wa mke aliyechomwa moto na Trevor Belmont anayepigwa baa akiwa amelewa. Mmoja wa mashujaa wanne wa gemu ile, Grant, wakamwacha nje, na dunia haikuanguka. Arcane vilevile: kwenye League of Legends, Vi na Jinx ni watu wa kubomoa ngome ya adui, hakuna anayekuuliza walilelewaje. Fortiche, studio ya Paris, ikapata uwanja mtupu wa kujenga udada wao. (Najua kuna watakaonirukia kwa kuzitia hizi mbili kwenye kapu la anime wakati hazikutengenezwa Japani. Wanirukie tu.)

Gemu za kupigana ndizo nisizozitarajia sana. Wahusika ni wengi, kila mmoja ana mashabiki wake, kila mmoja lazima atokee atupe pigo lake maarufu aondoke. Hata filamu ya Street Fighter II ya 1994, ninayoipenda, zaidi ni gwaride, isipokuwa pale Vega anapomvamia Chun-Li nyumbani kwake. Pale hakuna ulingo wala mwamuzi, kuna chumba cha mtu, na mwanamke anayepigania uhai wake mpaka anampiga mtu teke anatokea upande wa pili wa ukuta. Tekken: Bloodline ya 2022, vipindi sita, inaanza vizuri na Jin na mama yake, kisha mashindano yanaanza na gwaride linarudi.

Kabla sijafika kwenye orodha yako, niruhusu nimtaje mkubwa wao, kwa kuwa rafiki yako bila shaka anamhesabu kama tangazo kuliko wote. Kwenye gemu za Pokémon za 1996, mnyama anatii. Unabonyeza, anapiga. Anime ilipoanza Aprili 1997, kitu cha kwanza ilichofanya ni kumpa mvulana mnyama asiyetii. Pikachu hataki kuingia kwenye mpira, anampiga Ash shoti, anamtazama kwa dharau, na utiifu unakuja tu baada ya Ash kusimama mbele ya kundi la ndege wenye hasira ili yeye adonolewe badala ya Pikachu. Kazi ya kidole ikawa kazi ya kuaminiana. Mwaka uliofuata ikatoka Pokémon Yellow, ambamo Pikachu anakataa mpira na kutembea nyuma yako. Anime ndiyo iliyoifundisha gemu. Halafu ubingwa wa ligi, ambao wewe unaupata kwa wikendi chache, ulimchukua Ash mpaka ligi ya Alola, 2019. Tangazo lenye subira ya miaka 22, si haba.

Sasa orodha yako.

Steins;Gate: anza na anime, bila wasiwasi. Gemu ya 2009 ni ya kusoma, kazi ya mkono wako humo zaidi ni simu, kuamua ujibu ujumbe upi na ujumbe upi uuache. Lakini moyo wa hadithi ni mtu anayejaribu, anashindwa, anarudi nyuma kwenye muda, anajaribu tena akiwa yeye pekee anayekumbuka. Huyo ni nani kama si mchezaji? Okabe, mhusika mkuu, amekufa na kuanza upya, kwa maana yetu sisi tunaoshika pedi, na uchovu unaouona usoni mwake ni ule wa mtu aliyerudia bosi mmoja usiku kucha, ila hapa anayepotea ni binadamu. Kwa hiyo anime ya studio ya White Fox ya 2011 haikuhitaji kutafuta wa kumpa kazi yako; hadithi ilikuwa tayari imempa Okabe. Vipindi vyake ni 24 na nusu ya kwanza inatembea polepole, watu wanapiga soga maabarani, ndizi inageuka rojo la kijani kwenye maikrowevu. Usikate tamaa. Fika kipindi cha 12 ndipo uamue.

NieR:Automata: gemu kwanza, na hapa sikubali mjadala. Yoko Taro, aliyeiongoza mwaka 2017, aliipa miisho 26, mmoja kwa kila herufi. Mingi ni mzaha. Wewe ni roboti wa vita. Ukila samaki fulani unakufa na majina ya watengenezaji yanapanda. Ukiingia kwenye vifaa vyako ukachomoa chipu inayokuendesha, ambayo gemu inakuacha uichomoe kwa hiari yako, umekufa pia, majina yanapanda. Mzaha huo unakufundisha kuwa vidole vyako vinaaminiwa hata kwenye upumbavu. Anime iliyoanza 2023, ambayo Yoko Taro mwenyewe alishiriki kuiandika, ilijua haina vidole vyako, kwa hiyo mwisho wa vipindi ikaweka vikaragosi vya kuchezeshwa kwa mikono vinavyoigiza miisho hiyo ya kipuuzi. Ni suluhisho la kuchekesha na la kweli. Jina lenyewe, Ver1.1a, linakiri kuwa hili ni toleo jingine.

Lakini ile miisho mitano ya kwanza, A mpaka E, si mzaha. Ukifika mwisho wa A ukaona majina, usizime. Hujafika hata nusu. Na mwisho wa E unakuomba kitu ambacho hakuna anime inayoweza kumwomba mtazamaji, kwa sababu mtazamaji hana kitu hicho. Siwezi kusema zaidi bila kukuharibia. Cheza, kisha ndiyo uitazame anime, utaifurahia kama mtu anayesikia hadithi ya nyumbani ikisimuliwa na jirani.

Mfano wa karibu na huo, kama utakutana nao, ni Clannad. Gemu ya Key ya 2004 inakutaka upitie hadithi za watu wengi, na kila unayemfikisha kwenye furaha yake anakuachia nuru. Nuru zikitosha, ndipo mwisho wa kweli unafunguka. Kyoto Animation waliitengeneza kwa ustadi mkubwa kuanzia 2007, nuru zimo, lakini aliyetazama tu huuona mwisho wa After Story, sehemu yake ya pili, kama muujiza ulioshuka wenyewe, na wapo waliokasirika. Aliyecheza anajua nani aliulipia.

Fate/stay night ndiyo yenye fujo. Gemu ya Type-Moon ya 2004 ina njia tatu zenye mashujaa walewale na vita vilevile: Fate, Unlimited Blade Works na Heaven's Feel. Zinafunguka kwa mpangilio huo, na kila moja inajibishana na iliyotangulia. Ukiwa na subira ya kusoma, soma. Toleo jipya lenye Kiingereza rasmi limekuwepo tangu 2024. Kama unataka kutazama, fahamu kwamba njia ya kwanza ina anime moja tu ya mfululizo, ya Studio Deen ya 2006, nayo imechanganya vipande vya njia nyingine ndani yake kiasi kwamba inakuharibia bila kukupa utamu wake. Mimi ningeruka hapo. Tazama Unlimited Blade Works ya studio ya ufotable ya 2014, kisha filamu tatu za Heaven's Feel, za 2017, 2019 na 2020. Ya kwanza kati ya hizo inazipitisha siku za mwanzo harakaharaka chini ya majina ya watengenezaji, ikiamini unazijua, ndiyo maana haiwezi kutangulia.

Kila mtu atakuambia uanze na Fate/Zero kwa kuwa matukio yake ndiyo ya mwanzo. Ni anime nzuri sana, lakini ilitokana na riwaya iliyoandikwa baada ya gemu, kwa ajili ya watu wanaojua tayari siri za gemu, na inazimwaga zote mezani kama mambo ya kawaida. Itazame baada ya Heaven's Feel.